Kazi Isiyojulikana Tarehe: Tuiandikeje Kwenye Ratiba?

Ndugu mwenyekiti, wasimamizi wa miradi wenzangu, na ninyi mafundi mnaotutengenezea programu za kupangia kazi: nawashukuru kwa kunipa nafasi hii ya kusema.

Nataka tuzungumzie kisanduku kimoja tu. Unafungua programu ya mradi, unaandika jina la kazi, tuseme "Kufunga mitambo", na mbele yake kuna mahali pa tarehe ya kuanza. Kibali hakijatoka. Mitambo haijaagizwa. Anayepaswa kuidhinisha fedha hajajibu barua. Hujui kazi hiyo itaanza lini, wala hakuna mtu ofisini anayejua. Pale unaandika nini?

Nimeona ratiba nyingi, na jibu la kawaida ni kwamba mtu huandika tarehe yoyote inayoelekea kufaa, kisha hujiambia atairekebisha mambo yakieleweka. Nasimama hapa kuipinga desturi hiyo. Tarehe tusiyoijua tusiiandike. Tuandike kile tunachokijua: kazi inasubiri nini, jibu liko kwa nani, na ni siku gani ambayo ikipita, kusubiri kutaanza kutugharimu. Hilo la mwisho ndilo nitakalolikalia zaidi, kwa sababu naamini ndilo tunalolisahau.

Kwa nini tarehe ya kubuni ina madhara makubwa kuliko inavyoonekana? Mhandisi Mmarekani Henry Gantt alipokuwa akichora chati zake za mistari miaka ya 1910, kosa la mstari mmoja lilibaki kwenye mstari huo. Mambo yalibadilika kuanzia 1957, pale Morgan Walker wa kampuni ya kemikali ya DuPont na James Kelley wa kampuni ya kompyuta ya Remington Rand walipoanza kutunga njia ya kukokotoa ratiba kwa kompyuta. Tangu hapo ratiba imekuwa hesabu. Unaieleza kompyuta muda wa kila kazi, na kazi ipi inaitangulia ipi, nayo inakurudishia tarehe. Tulishike hilo vizuri: katika njia hii tarehe ni jibu. Anayeiandika kwa mkono anaijibia kompyuta kabla haijapiga hesabu, na hesabu zote zinazofuata zinasimama juu ya jibu lake.

Chukueni Microsoft Project, programu ya kupangia ratiba ambayo wengi wenu mnaijua. Kazi ikiwa inapangwa na programu yenyewe, nawe ukaandika tarehe kwenye kisanduku cha kuanza, programu huweka sharti kimya kimya: kazi hii isianze kabla ya siku hiyo. Haikuulizi. Sasa angalieni matokeo. Kazi iliyotangulia ikichelewa, hii yako nayo itasukumwa mbele. Kazi iliyotangulia ikiwahi kumalizika, yako haitarudi nyuma hata siku moja, kwa sababu umeifunga. Kwa hiyo tarehe uliyoiandika kwa kubahatisha inaipa ratiba uwezo wa kuchelewa na kuinyima uwezo wa kuwahi. Na ukiacha kisanduku kitupu katika hali hiyohiyo ya upangaji, kazi isiyofungwa na kazi nyingine itawekwa siku ya kwanza ya mradi, ikiwa na muda wa siku moja na alama ya kuuliza pembeni. Ukiwa na kazi ishirini za namna hiyo, zote zitajazana siku ya kwanza, na wafanyakazi wako wataonekana wamezidiwa na mzigo siku ambayo kwa kweli hawana la kufanya.

Toleo la mwaka 2010 la programu hiyo lilileta nafuu ambayo naisifu kwa dhati. Liliruhusu kazi zipangwe kwa mkono, na katika hali hiyo kisanduku cha tarehe kinaweza kubaki kitupu, au kuandikwa maneno: "baada ya kikao cha bodi", "tukipata kibali". Ukijua muda bila kujua siku, mstari wake kwenye chati huchorwa ukiwa umefifia ncha zote mbili, na kila anayeutazama anaona kwamba mwanzo na mwisho havijulikani. Huo ni uaminifu wa picha, nami ningependa kuuona kwenye kila programu. Lakini kumbukeni gharama yake: kazi iliyopangwa kwa mkono haisogei yenyewe pale kazi iliyoitangulia inapochelewa. Programu itakupigia mstari wa kukuonya, basi. Kuihamisha ni juu yako. Ndiyo maana siwashauri mgeuze ratiba nzima iwe ya mkono kwa sababu tu kazi kumi hazina tarehe.

Tunaposema "tarehe haijulikani" tunachanganya hali ambazo hazifanani hata kidogo, na kila moja ina dawa yake.

Mara nyingi sana tarehe haijulikani kwa sababu tu kazi inasubiri kazi nyingine ndani ya mradi huohuo. Rangi itapakwa plasta ikikauka. Mafunzo yatafanyika mfumo ukishawashwa. Hapa hakuna fumbo lolote. Unganisha kazi hizo mbili, andika muda wa kila moja, ondoa mkono wako kwenye tarehe, na programu itafanya ilichoundwa kufanya. Ningesema sehemu kubwa ya kazi tunazoziita hazina tarehe zingepona kwa kuunganishwa tu, kwa hiyo kabla hamjajiuliza swali gumu, ulizeni hili jepesi: inafuata nini?

Hali ya pili ndiyo inayotutesa. Kazi inasubiri uamuzi au tukio lililo nje ya mikono yetu: kibali cha mamlaka, saini ya mfadhili, meli yenye shehena. Tunajua litakalofuata, lakini hatujui mlango utafunguliwa lini. Ninachowaomba hapa ni kwamba tukio lenyewe lipewe mstari wake kwenye ratiba. Liandikeni kama hatua isiyo na muda, siku sifuri: "Kibali kimetolewa." Kisha kazi zote zinazolisubiri zining'inizwe kwenye hatua hiyo moja. Mlikuwa na kazi ishirini zisizojulikana. Sasa mna jambo moja lisilojulikana, lenye jina, na mbele ya jina hilo mnaweza kumwandika mtu wa kulifuatilia. Siku kibali kikitoka mtaandika tarehe mahali pamoja, na kazi ishirini zitapata tarehe zake papo hapo.

Mtaniambia kwamba programu inahitaji tarehe fulani pale, la sivyo haiwezi kupiga hesabu. Ni kweli. Wekeni dhana, lakini dhana iwe moja, iwe kwenye hatua ile tu, na jina lake liseme wazi kwamba ni dhana: "Kibali kimetolewa, DHANA, itaangaliwa upya kila Jumatatu." Dhana inayojitambulisha haimdanganyi mtu. Tarehe ishirini zilizotawanyika kwenye ratiba bila alama yoyote ndizo zinazodanganya, kwa sababu miezi mitatu baadaye hata aliyeziandika hawezi kuzitofautisha na zile za kweli.

Sasa nifike pale nilipoahidi. Hatujui kibali kitatoka lini, lakini tunaweza kujua ni lini kitakuwa kimechelewa. Haya ni maarifa makubwa, na yako ndani ya programu zetu tayari, bure. Njia ile ya Walker na Kelley hupiga hesabu mara mbili: mara moja kwenda mbele, kutafuta kila kazi inaweza kuanza mapema kiasi gani, na mara ya pili kurudi nyuma kutoka mwisho wa mradi, kutafuta kila kazi inaweza kucheleweshwa hadi lini bila kuuvuruga mwisho huo. Sisi hutazama hesabu ya kwanza tu. Kwa kazi isiyo na tarehe, hesabu ya pili ndiyo yenye faida.

Tuseme huduma lazima izinduliwe tarehe 1 Oktoba. Kabla ya hapo kuna mafunzo ya siku 10 za kazi, majaribio ya siku 15, kufunga mitambo siku 20, na kuisafirisha siku 30, kila moja ikisubiri iliyoitangulia. Jumla ni siku 75 za kazi, yaani wiki 15 za siku tano tano. Rudi nyuma wiki 15 kutoka 1 Oktoba, unafika tarehe 18 Juni, bila kuhesabu sikukuu. Mitambo haiwezi kusafirishwa kabla ya kibali. Basi hatuna haja ya kubuni tarehe ya kibali. Tuna tarehe ya kweli ya kumpelekea anayekitoa: kisipopatikana kufikia 18 Juni, uzinduzi wa 1 Oktoba haupo tena, labda tupunguze kitu. Tazameni mazungumzo yanavyobadilika. Badala ya kumwuliza ofisa "mnadhani mtamaliza lini?", ambalo atalijibu ili kukuridhisha tu, unampa taarifa anayoweza kuifanyia kazi. Na kwenye kikao cha uongozi, badala ya kusema "hatujui", unasema "hatujui, na tunaweza kuendelea kutojua hadi 18 Juni."

Programu nyingi za kukokotoa ratiba zina safu ya tarehe ya mwisho kabisa ya kuanza. Mara nyingi imefichwa, ifichueni. Na kama ukomo wa kazi unajulikana ilhali mwanzo haujulikani, tumieni sehemu ya ukomo badala ya kuifunga kazi kwa sharti. Katika Microsoft Project, ukomo hausogezi kazi wala hauizuii. Huwasha alama tu pale ratiba inapoupita. Hicho ndicho tunachokitaka: kuambiwa.

Pale mambo yasiyo hakika yanapohusu muda wa kazi zaidi ya siku ya kuanza, kuna njia ya mwaka 1958 ambayo bado nainamia. Jeshi la Majini la Marekani lilikuwa likitengeneza makombora ya Polaris, kazi ambayo hakuna aliyewahi kuifanya, na ofisi iliyosimamia mpango huo ikaanza kuuliza makadirio matatu kwa kila kazi: muda ikienda vizuri kabisa, muda unaotarajiwa zaidi, na muda ikienda vibaya. La katikati huzidishwa mara nne, yote hujumlishwa, kisha hugawanywa kwa sita. Kazi yenye siku 4, 6 na 14 inakupa siku 7. Uzuri wake siuoni sana kwenye ile 7. Uko kwenye ile 14, kwa sababu mtu amelazimika kuitamka mbele ya wenzake, na kwa kawaida ataeleza kwa nini. Lakini msiitumie njia hii kukadiria kama waziri atatia saini. Kwa jambo ambalo huenda lisitokee kabisa, wastani hausaidii kitu.

Hali ya tatu ni pale kazi yenyewe haijaeleweka. Hatujui itaanza lini kwa sababu hatujui ni kazi gani hasa. Historia ya ujenzi ina mfano mkubwa wa kinachotokea tukilazimisha tarehe mahali kama hapo. Jumba la Opera la Sydney lilianza kujengwa Machi 1959 wakati wahandisi walikuwa bado hawajajua jinsi mapaa yake yale yatakavyosimama, kwa sababu serikali ya jimbo ilitaka ujenzi uanze mapema. Lilipangiwa kukamilika tarehe 26 Januari 1963. Lilifunguliwa tarehe 20 Oktoba 1973. Ile tarehe ya 1963 haikutokana na hesabu ya kazi, maana kazi ya mapaa ilikuwa haijapata hata umbo la kuhesabiwa.

Kazi za namna hii msizivunjevunje kuwa mistari midogo yenye tarehe. Ziacheni kuwa fungu moja kubwa, na tarehe mtakayoiandika iwe ya kikao cha kulifungua fungu hilo. Hiyo ni tarehe mnayoweza kuiahidi, kwa sababu iko mikononi mwenu. Kazi za miezi miwili ijayo zipangwe kwa undani, za mwakani zikae kwa mafungu, na kila robo ya mwaka mnasogea mbele mkipanga kwa undani zilizokaribia. Na kwa timu zenye kazi nyingi ndogo zisizo na siku maalumu, kama marekebisho na matengenezo, mpangilio wa foleni unatosha: kipi kwanza, kipi pili, na vingapi viwe mezani kwa wakati mmoja. Toyota walijenga kanban, mfumo wao wa kuita kazi kwa kadi, juu ya wazo hilo chini ya mhandisi wao Taiichi Ohno, kila kituo kikivuta kazi kinapokuwa tayari, na mbao za kadi kwenye programu zetu za leo zimetoka huko.

Kuna hatari moja ya kiufundi ambayo lazima niiseme kwa wale watakaoacha visanduku wazi, kama ninavyowahimiza. Kisanduku kitupu hupotea machoni. Kwenye hifadhidata, ukilinganisha thamani tupu na tarehe ya leo, jibu si kweli wala si uongo. Ni "haijulikani", na mstari wenye jibu hilo huachwa nje. Kwa hiyo kichujio cha "kazi za wiki hii" hakitaionyesha. Kichujio cha "zilizochelewa" hakitaionyesha pia, wala cha "zijazo". Kazi isiyo na tarehe haichelewi kamwe machoni pa programu. Hata ukizipanga kazi kwa tarehe kutoka ya karibu kwenda ya mbali, mfumo wa hifadhidata wa PostgreSQL huzipeleka tupu mwisho wa orodha ilhali ule wa MySQL huziweka mwanzo, kwa hiyo orodha ileile inaweza kukuonyesha picha mbili kutegemea mfumo ulio nyuma yake.

Dawa yake ni kutengeneza mwonekano maalumu, wa kudumu, wa kazi zote zisizo na tarehe, ukiwa na safu tatu: inasubiri nini, nani anafuatilia, tutauliza tena lini. Usomwe kila wiki. Mimi huupenda sana utaratibu uliomo kwenye kiwango cha kalenda za kompyuta, RFC 5545 cha mwaka 2009, kinachosema kwamba jukumu lisilo na tarehe ya kuanza wala ya ukomo huhesabiwa kuwa la kila siku inayofuata mpaka likamilike. Waliouandika walitambua kuwa kazi isiyo na siku inazihusu siku zote. Mafundi mlio humu, naomba hilo lionekane kwenye kazi zenu: msiilazimishe tarehe kwenye fomu, na msiiache kazi tupu itokomee. Kama mnahitaji namna sanifu ya kuandika tarehe pungufu, ISO 8601-2 ya mwaka 2019, kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe, inayo: alama ya kuuliza kwa tarehe isiyo na hakika, wimbi dogo kwa ya kukadiria, na X mahali pa tarakimu isiyojulikana, kwa mfano 2027-XX kwa mwezi fulani wa mwaka huo. Pale programu isipoikubali, iandikwe kwenye sehemu ya maelezo, kuliko watu kukimbilia 31 Desemba.

Na hiyo 31 Desemba inanikera kwa sababu maalumu. Tarehe za kubuni zikipita, programu huzitia rangi nyekundu. Wiki ya kwanza watu hushtuka. Wiki ya nne wanajua kuwa nyekundu nyingi hazina maana yoyote, wanaacha kuzisoma, na kazi iliyochelewa kweli inakaa katikati yao bila kuonwa na mtu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Kwenye ratiba uongo huo unamfikia pia yule aliyekuwa akisema kweli kwenye mstari wa jirani.

Najua wapo mnaojiuliza: kiongozi akigoma kupokea kisanduku kitupu, je? Mteja akisema anataka tarehe, basi? Mpeni muda unaoanzia kwenye tukio. "Siku 75 za kazi tangu kibali kutolewa" ni ahadi kamili, inayopimika, ambayo mnaweza kubanwa nayo kwa haki. Mikataba ya ujenzi ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, huhesabu muda wa kukamilisha kwa namna hiyo, kwa siku zinazoanzia tarehe ya kuanza kazi, na ni mikataba inayobeba fedha nyingi sana. Asiyeridhika na hilo, mpeni tarehe mbili: kibali kikitoka mwezi huu tunamaliza siku fulani, kikitoka mwezi ujao siku fulani. Wengi huridhika, kwa sababu walichokuwa wakikitafuta ni uwezo wa kuamua.

Limebaki jambo dogo. Katika ule mwonekano wa kazi zisizo na tarehe, mtakutana na zile ambazo hakuna anayeweza kusema zinasubiri nini. Si kibali, si fedha, si kazi nyingine. Zikipita kwenye vikao viwili mfululizo bila kupata jibu wala mtu wa kuzifuatilia, ziondoeni kwenye ratiba na kuzihifadhi kwenye orodha ya mawazo nje ya mradi, huku mkimjulisha aliyezileta. Akiona bado zinahitajika, atarudi nazo, na safari hiyo atakuja na sababu.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali.